Salamu za Maulidi: Maji Nayo Yana Kiu

Assalaam alaykum warahmatullah. Mfunguo Sita ndio huu, madufu yamewambwa na mirashi imejaa. Kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, tunawatakia Maulidi yenye heri.

Wakati sisi tunasoma Barzanji, kisomo cha kuzaliwa kwa Mtume, Waturuki wana Maulidi yao, aliyoitunga Süleyman Çelebi mjini Bursa mwaka 1409. Humo Bibi Amina, mama wa Mtume, saa ya kujifungua, anashikwa na kiu kali, akaletewa sharbati baridi, nyeupe kuliko theluji. Hadi leo sharbati hunywewa kwenye majlisi zao.

Lakini kwa kiu, hatujaona wa kumfikia mshairi Fuzûlî wa Iraki, aliyefariki 1556. Kaswida yake ya Maji, ya kumsifu Mtume, ina beti 32 za mishororo miwili miwili, na kila ubeti unaishia na "su", yaani maji kwa Kituruki. Anaanza kwa kulikanya jicho lake: usiumwagie machozi moto wa moyoni, moto uliokolea hivi hauzimwi kwa maji. Msomaji mwenye haraka hukomea hapo, akadhani mwenye kiu ni mshairi peke yake. Asonge mbele ayaone maji yenyewe yamerukwa na akili: miaka nenda miaka rudi yanatangatanga, yanajigonga kichwa jiwe hadi jiwe, yapate kuifikia tu vumbi ya nyayo za Mtume. Mto hapo si mandhari, ni ashiki, yaani mpenzi. Kwingineko mshairi anausia: nikifa na hamu ya kuubusu mkono wake, udongo wangu ufinyangieni gudulia, mumpe maji kwalo. Ujanja ulioje! Akilipokea gudulia, mkono umeshafika.

Kwa atakayetaka kuighani: hii si nane kwa nane kama shairi letu. Kila mshororo una mizani 15, zimegawika 4, 4, 4 na 3. Mafungu matatu ya kwanza huenda silabi ndefu, fupi, ndefu, ndefu; la mwisho ndefu, fupi, ndefu. Kina ni "-ara" au "-are", nacho hutangulia "su". Ulimi wa Kiswahili umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiuachia, silabi ndefu zinafupika na bahari, yaani mpangilio huo wa silabi, inavunjika. Kwa hiyo dufu lisubiri kwanza: soma polepole, ukipiga kofi kwenye kila silabi ndefu, mpaka mafungu yote manne yatulie mdomoni.