Ile shule msiiuze, pangisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili suala la ile shule yetu iliyofungwa limeanza kuninyima usingizi. Kila mkutano ukiitwa ni kelele tu, huyu anataka hosteli, yule zahanati, mwingine anasema bomoa yote simamisha maghorofa, halafu tunatawanyika hakuna kilichoamuliwa. Mimi langu ni moja, majengo yapangishwe, ardhi isiuzwe.

Juzi nilichungulia dirishani kwenye darasa nililosomea. Ubaoni bado kuna hesabu ya kugawanya mtu kaiacha katikati, na darini kwenye kona ya nyuma kuna doa la maji, mwaka jana lilikuwa kama sahani sasa limeshafika kwenye taa. Jengo lisilokaliwa linakufa haraka jamani, bati likipasuka hakuna wa kuona, maji yanaingia kwenye mbao, wajanja wanakuja usiku kung'oa nyaya na mabomba, mwisho wa siku anakuja mhandisi anaandika jengo halifai. Hapo ndo mnunuzi anajitokeza na bei ya kutupa na sisi tunaona ametuokoa!

Mnaosema kuuza ndo njia pekee mtazame Philadelphia kule Marekani. Kulikuwa na shule kubwa ya ufundi inaitwa Bok, ilifungwa 2013 ikauzwa, leo imejaa karakana, studio na ofisi ndogondogo, kazi nzuri sikatai. Ila mwenye nalo alipoweka baa juu ya paa watu wakaanza kuulizana hii shule sasa ni ya nani, na hilo swali ukiliuliza baada ya kuuza umechelewa.

Wajapani mimi wamenifurahisha zaidi. Wale watoto wamepungua sana kwao, shule zinafungwa kila mwaka, na tangu 2010 wizara yao ya elimu inatangaza majengo yaliyobaki wazi ili anayehitaji jengo akutane na mwenye jengo. Kuna mji unaitwa Muroto, shule ya msingi ilifungwa 2006, mwaka 2018 ikafunguliwa tena lakini safari hii ni ya samaki, watu wanakwenda kuwatazama. Sitanii. Bwawa la kuogelea la wanafunzi lina kasa na papa wanazunguka humo, lile sanduku la kurukia kwenye mazoezi limegeuzwa tangi la samaki, na samaki wengi wanaletwa na wavuvi wa hapohapo walionasa kwenye nyavu zao. Jengo ni la mji, wanaoliendesha ni shirika la watafiti wa kasa. Yani hata masinki ya kunawia mikono hawakuyang'oa, wameweka viumbe wa baharini.

Sasa sisemi na sisi tufuge papa. Nasema walianza na kilichokuwepo, bwawa, masinki, wavuvi, wakati sisi tunaanza na michoro ya rangi ya mtu ambaye hata ndani hajaingia.

Kingine, hivi hati ya kile kiwanja kuna aliyeisoma? Ardhi nyingi za shule zilitolewa na watu au taasisi kwa sharti kwamba ni kwa ajili ya elimu tu. Uingereza walikuwa na sheria ya 1841 inayosema ardhi iliyotolewa hivyo ikiacha kuwa shule inarudi kwa aliyeitoa, vizazi vimepita warithi wakawa wanajitokeza. Tusije tukauza kitu ambacho siyo chetu. Na kabla hamjaita watu wa kubomoa pimeni asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, majengo mengi ya zamani yanayo kwenye dari na mabomba, ukiigonga na nyundo vumbi lake linakaa kwenye mapafu ya mtaa mzima.

Mkataba wa kupanga uwe na kikomo, mpangaji atengeneze paa, na kuwe na kipengele kwamba watoto wakiongezeka jengo linarudi kuwa shule, maana mitaa huzeeka na hurudi ujana, nyumba zinabadilisha wenyewe, familia changa zinahamia, sasa utawapeleka wapi na ardhi ushauza? Kutafuta kiwanja kingine cha ukubwa ule katikati ya makazi sahau kabisa.

Najua mtaniambia kodi haileti hela ya mkupuo. Ni kweli, haileti.

Kwahiyo mkutano ujao naomba viongozi waje na vitu viwili, hati na fundi wa paa, michoro ibaki ofisini kwanza. Halafu lile geti la upande wa uwanjani lifunguliwe hata kesho, watoto wanaruka ukuta kila jioni kwenda kucheza mpira na ukuta wenyewe umeshaanza kuinama.

Ni mimi mwanafunzi wa zamani, jirani wa ukuta huohuo