Mwalimu kasema kwetu hakuna mtu

Anti, shikamoo. Nakuandikia usiku wa manane, usingizi umegoma, na baridi ya Uyole mwezi huu wa saba unaijua. Wengine wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi, langu ni la mtoto na tarumbeta, lakini limenikaa rohoni.

Binti yangu yuko darasa la tano na yumo kwenye kikundi cha matarumbeta kanisani kwetu. Jumapili iliyopita mwalimu wao alisoma majina ya watakaopiga siku ya mavuno, la mwanangu halimo. Nikauliza, tena kwa heshima. Akanijibu mbele ya wazazi wote: "Mama, huyu kwao hakuna mtu wa kumfuatilia." Mimi nimesimama pale pale na kitenge changu cha ibada, halafu hakuna mtu!

Anti, nauza viazi sokoni. Natoka hakujapambazuka kuwahi magari ya mashambani, narudi giza limeingia. Baba yake anaendesha malori ya Zambia, akishavuka Tunduma kumpata ni bahati. Mtoto naye akitoka shule kuna tuisheni, kuna vyombo, kuna mdogo wake. Mwalimu anataka dakika 20 kila siku, eti wasilimbikize. Kila siku saa ngapi? Mama wa chumba cha pili ana kichanga, tumeshakwaruzana naye. Nikamwambia mwanangu asokomeze sweta kule sauti inakotokea, bado kuta zetu zinapitisha. Ndiyo maana nikaamua Jumamosi jioni, siku ninayowahi kurudi, nakaa naye mwenyewe anapiga masaa mawili bila kunyanyuka, wiki nzima inafidiwa. Nakaa naye, Anti. Midomo inamvimba naiona, namchemshia chai, anaendelea. Kesho yake akifika kule sauti za juu hazitoki, zinakwaruza, na mwalimu anasema huyu hakufanya mazoezi. Hakufanyaje na mimi nilikuwepo?

Siku za kazi namwachia maagizo. Nikirudi namtazama mdomo kabla hata ya salamu, maana aliyepiga anabaki na alama ya duara. Nikiiona alama nashukuru Mungu. Juzi viazi viliisha mapema, nikamkuta amekaa kitandani, tarumbeta liko kwenye mfuko wake limefungwa, yeye ameshika kile kidude cha kupulizia peke yake, anakikandamiza mdomoni kimya kimya huku anasoma daftari la sayansi. Na duara linatokea vizuri tu. Sikumchapa. Nilimsema, na nilimsema sana, akalia, lakini mzazi gani angenyamaza? Mtoto huyu huyu alipoanza alikuwa anaamka Jumapili anakipasha moto kidude hicho kwapani, kwa sababu waliambiwa chombo kikiwa cha baridi sauti inashuka. Hakuna aliyemtuma.

Baba yake anasema kwa simu lirudishwe, si letu, ni la kanisa. Na mimi nasema lirudishwe, tupumzike, mwalimu abaki na wale ambao kwao kuna watu. Ila sisi ni Wamoravian wa Rungwe, Anti. Wamisionari walifika kule 1891, na baba yangu marehemu alikuwa anapiga tarumbeta Pasaka alfajiri makaburini, ukungu bado umelala, sisi watoto tumejifunika mablanketi. Nilirudishe kwa mkono gani? Yeye mwenyewe nikimuuliza kama anataka kuendelea, hanijibu, ananitazama kwanza ajue nataka jibu gani.

Kuna mama mwenzangu sokoni, mwanawe anapiga kinanda, ananishauri niache kumkagua. Eti achague mwenyewe muda wake, hata dakika kumi akitoka tuisheni kichanga kikiwa macho, aanze na nyimbo anazozipenda ndipo apige skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka sauti, na mimi nikirudi nimwombe anipigie kidogo nisikilize tu. Inaingia akilini. Lakini mtoto wa umri huo ukimwachia atapiga kweli? Na nikiacha kumfuatilia, si ndiyo nitakuwa nimethibitisha maneno ya yule mwalimu kwamba hakuna mtu?

Angeniita pembeni, Anti. Angesema, "Mama, hapa na hapa bado," ningemsikiliza, mimi si mbishi. Mbele ya watu vile! Niambie kama nimfuate tuzungumze au nipitie kwa mzee wa kanisa. Na hii Jumamosi nifanyeje, nikae naye kama kawaida au nimwache? Jumapili wana mazoezi tena, na wa kumpeleka ni mimi.

Mama wa Uyole, Mbeya