Barua kwa makonda wa Dar es Salaam: mlango ni wenu

Wanangu makonda,

Nawasalimu nyote, wa magari ya Mbagala na Tegeta, wa Tandika, Buguruni na Mbezi, na ninyi wa njia yetu ya Gongo la Mboto mnaonipokea karibu kila asubuhi. Wengi wenu mnaniamkia shikamoo kabla hamjaniomba nauli, na kwa hilo nawashukuru. Nimeona niwaandikie kwa sababu ndani ya gari hatupati nafasi ya kuzungumza. Mimi nimebanwa kati ya begi la mtu na kiwiko cha mwingine, na wewe nusu ya mwili iko nje, unaita Kariakoo huku macho yamekwisha kufika kituo kinachofuata.

Nami nilikuwa konda. Nilianza 1985, nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja, kwenye yale magari tuliyoyaita chai maharage: pikapu iliyowekewa mabenchi mawili nyuma, abiria wanatazamana, magoti yanagusana kama watu waliokaa mezani kwa mama ntilie. Miaka miwili kabla ya hapo, 1983, serikali ilikuwa imeruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini, maana mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam lililoanzishwa 1974, yalikuwa hayawatoshi tena watu. Hata zile Ikarus ndefu zenye kiungo katikati, kumbakumba, zilikuwa zinazidi kupungua barabarani. Nauli ya magari binafsi mwanzoni ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Konda akaita dala, dala, na jina la daladala likakaa hadi leo. Kwa hiyo jina la usafiri wa mji huu limetoka kinywani mwa konda, na nalisema hili ili mjue siwaandikii kama mtu anayewadharau.

Ninalotaka kusema ni moja tu, ni mlango. Dereva ana usukani, tajiri, mwenye gari, ana kadi yake, trafiki ana barabara. Mlango ni wako wewe. Anayeingia anapita kwako, anayeachwa umemwacha wewe, na anayeshuka salama au vibaya anashuka mikononi mwako.

Abiria amesema "shusha!", dereva amepunguza mwendo lakini hajasimama, kwa sababu nyuma kuna gari la ruti yenu hiyohiyo linataka kuwapita likachukue vichwa vya mbele. Wewe unamwambia mama wa watu, "Tanguliza mguu wa kushoto, mama." Ushauri huo una ukweli wake. Mlango wetu uko kushoto na gari linakwenda mbele. Mtu akitanguliza mguu wa kulia wakati gari linatembea, huzungushwa akaangukia kisogo. Akitanguliza wa kushoto, uso ukitazama mbele, hukimbia hatua mbili tatu akasimama. Hata sisi tuliwafundisha abiria wetu hivyo. Lakini hebu fikiri, mwanangu. Tumeufundisha mji mzima, pamoja na wajawazito na wazee wenye maumivu ya magoti, namna ya kuruka kutoka kwenye gari linalotembea, wakati kilichohitajika ni dereva mmoja kukanyaga breki mpaka mwisho.

Siku moja nilikaa siti ya nyuma ya dereva nikawa nahesabu kimoyomoyo. Tangu gari lisimame kabisa mpaka mtu mzima aweke miguu yote miwili chini, nilihesabu moja hadi sita. Basi. Tukaondoka mbio, tukaenda kukaa kwenye foleni ya Kamata hadi jasho likatutoka wote, na lile gari tulilokuwa tunashindana nalo lilikuwa pembeni yetu, madirisha kwa madirisha.

Na dereva haoni mlangoni. Nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi. Gari likishajaa, kioo chake cha ndani kinaonyesha vichwa tu, na cha nje kinaonyesha mgongo wako. Anachosubiri ni kiganja chako kwenye bodi. Ukigonga, anaondoka. Hajui kama kanga ya mtu imenasa, hajui kama mtoto ameshuka na mama bado yuko juu. Anaondoka kwa kukuamini wewe.

Nije kwenye kupanda. Nimeona makonda wengi, kwa nia njema kabisa, wakimshika dada kiunoni au kumsukuma mgongoni ili aingie upesi. Anaingia, lakini mtazame usoni. Wengine wananyamaza kwa sababu wamechoka, na wengine kwa sababu wakisema watachekwa gari zima. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi zamani alinifundisha jambo ambalo nawapa ninyi bure: toa mkono wako, ukaze kama bomba, mwache abiria akushike yeye. Usimshike wewe. Bibi atakushika, mjamzito atakushika, na dada asiyetaka atapita zake bila kuguswa. Ni mkono uleule na nguvu zilezile, lakini aliyechagua ni yeye.

Na wanafunzi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwezi uliopita, pale kituo cha Banana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kulikuwa na binti wa sekondari, sweta la bluu, viatu vimefungwa kamba za rangi mbili tofauti. Gari letu lilikuwa la tatu kusimama mbele yake. Konda akanyoosha mkono kuziba mlango: "Denti wawili tu, wametosha." Yule binti hakubishana. Alirudi nyuma hatua moja, akashika mikanda ya begi lake, akageuza shingo kutazama gari linalofuata. Kwa jinsi alivyorudi nyuma, nilijua amezoea. Nikamwambia konda, mwanangu, mpakie, nitaongeza mimi. Nikatoa 400 juu ya nauli yangu, maana tangu Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari fupi ni 600 na mwanafunzi amebaki na 200 yake. Binti akapanda, akasimama karibu yangu, akanong'ona, "Ahsante babu." Shule yao inafunga geti saa moja kasoro, na anayechelewa anaadhibiwa.

Nililipa, lakini sikufurahi. Mimi siwezi kuwalipia wote waliosimama Banana, sembuse wa vituo vingine vya njia yetu, Mazizini na Mombasa ya Ukonga. Na yule konda hakuwa mtu mbaya. Baadaye, tulipofika Tazara, alimpisha mlemavu kwa upole ambao hata mimi sikuutegemea. Tatizo ni kwamba alikuwa anafanya hesabu kichwani: wanafunzi watatu ni mtu mzima mmoja, na hesabu ya tajiri, ile fedha anayoidai kila siku, haina punguzo la sare.

Najua hesabu ni nini. Najua kuamka saa tisa usiku, kutoa hesabu kamili ya tajiri, kutoa mafuta, kutoa ya mpiga debe kituoni, na kinachobaki ndicho mnachogawana wewe na dereva. Siku ya mvua hakibaki kitu. Wengi wenu hamna mkataba, na ukiumwa leo, kesho yupo dei waka, konda wa kutwa, kwenye mlango wako. Ndiyo maana siwezi kukuambia "pakia wanafunzi wote" halafu nikanyamaza. Naomba matajiri nao waisome barua hii. Ndugu zangu wenye magari, mkikaa na dereva kupanga hesabu, zitengeni safari mbili za asubuhi, ile ya alfajiri na inayofuata. Mpangieni kiwango cha chini kwa safari hizo, ili konda asione sare ya shule kama hasara. Nanyi mna watoto. Na huenda wenu wanapelekwa na gari la shule, lakini anayewauguza hospitalini kesho anaweza kuwa yule wa Banana.

Wewe konda, mpaka hilo litokee, nakuomba kidogo. Usiwahesabu wawili ukafunga mlango. Anza na wadogo. Mtoto wa darasa la pili kusimama kituoni peke yake gizani si sawa na kijana wa kidato cha nne. Ukijaza hao wadogo kwanza, wakae mbele ya miguu ya watu wazima, hawachukui nafasi ya mtu. Sisi abiria tutasogea. Ukituambia "jamani, sogeeni mtoto apite", tunasogea, nimeona kila mara. Tunachosubiri ni sauti yako.

Chenji irudishwe kabla mtu hajaidai. Mama anayedai mia mbili yake mara tatu amedhalilika mara tatu. Na kukatisha ruti, kuwashusha watu njiani usiku mkisema gari linageuzia hapo, kuna binti ambaye kutoka hapo mpaka kwao anapita kwenye giza peke yake. Hayo mnayajua.

Mnasikia watu wakisema kazi yenu inakwisha. Mwendokasi, yale mabasi yenye barabara zake peke yake, ulipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, nilikwenda kuupanda kwa hamu. Nilipenda kitu kimoja kuliko vyote: sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa, na hakuna cha mguu wa kushoto wala wa kulia. Aliyechora kituo kile aliufikiria mlango. Barabara zake zimekwenda Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala, zimekuja Barabara ya Nyerere kwetu huku, na mimi nazitakia heri.

Lakini nilirudi Kimara asubuhi ya siku ya kazi, nikaona mlango ule mpana ukifunguka na umati ukajitupa ndani kabla hata mmoja hajashuka. Vijana wakapitia madirishani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasukumwa akageuka kinyume, mtoto ndiye akawa anatangulia kwenye mlango, kichwa kikigonga migongo ya watu. Hapakuwa na mtu wa kusema "subirini washuke, jamani, mtoto huyo!" Nilisimama pale nikatamani konda. Nisemapo kazi yenu ina thamani, nasema nikiwa nimeona mlango usio na mtu.

Sasa niseme la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Mwaka 1992 nilikuwa konda wa gari la Posta na Buguruni. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, alikuwa akitoka soko la samaki la Feri na beseni lake, anapandia Posta ya Zamani, anashukia Ilala. Siku hiyo tulikuwa tumechelewa hesabu na nyuma yetu kulikuwa na gari jingine. Tulipofika Ilala alishusha beseni kwanza, akaliweka chini, akaweka mguu mmoja. Mmoja tu. Mimi nikagonga bodi. Niliona mguu ule mmoja, sikungoja wa pili. Dereva akaondoka. Mama akaanguka juu ya mkono wake wa kulia, beseni likapinduka, na samaki, vibua na dagaa, wakatapakaa mpaka katikati ya lami. Abiria walipiga kelele. Dereva akaniuliza, "Vipi?" Nikajibu, "Twende." Tukaenda.

Sikulala vizuri, lakini kesho yake nilirudi kazini, na keshokutwa pia. Kama wiki mbili baadaye, Posta ya Zamani, nikamwona amesimama na beseni dogo kuliko lile la mwanzo. Mkono wa kulia ulikuwa na plasta ngumu, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga. Nilidhani atanitukana mbele ya watu, na nilikuwa nimejiandaa. Alipanda. Gari lilipoondoka nikafika kwenye siti yake, sikujua niseme nini, nikatikisa tu sarafu mkononi kama ninavyofanya kwa wote. Akahangaika kufungua fundo la kanga kwa meno, akatoa nauli, akaninyooshea kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kweli:

"Usione vibaya mwanangu, nakupa kwa kushoto. Wa kulia unaumwa."

Hakunikumbuka. Au alinikumbuka, sijui, na nimeishi na hilo zaidi ya miaka thelathini. Nilimrudishia ile nauli, akakataa, akasema na wewe umetoka kutafuta. Tulipofika Ilala nilimwambia dereva azime gari. Nikashuka mimi kwanza, nikapokea beseni, nikamtolea mkono wangu, akaushika. Sikugonga bodi mpaka alipokwisha kuvuka mtaro na kuliweka beseni lake chini ya mwembe.

Babu yenu,
Gongo la Mboto