Mbwa kaharisha siku moja, sindano ya nini?

Mhariri, salaam.

Mkiandika habari za usugu wa dawa (bakteria kuzoea antibayotiki zisiwaue tena) ni kuku, mayai na maziwa ya ng'ombe, sawa kabisa, ila mbwa na paka tunaokaa nao sebuleni hamuwagusi na huko nako antibayotiki zinatolewa kiholela sana.

Kaa nusu saa kwenye duka la dawa za mifugo huku kwetu Dar usikilize. Mtu anaingia anasema mbwa wangu anaharisha tangu jana, muuzaji haulizi ana kilo ngapi wala kachanjwa lini, anashusha ile chupa ya antibayotiki ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 yenye picha ya ng'ombe, anavuta kwenye sirinji anakukabidhi ukachome mwenyewe. Asiyefika dukani anafungua kabati anatoa flajili zilizobaki za mtoto (na wengine wanampa paka panadol, jamani hiyo inaua paka).

Mbwa aliyekomaa anayeharisha ila anakula, anakunywa na anachangamka, mara nyingi anapona ndani ya siku chache bila antibayotiki yoyote, hata mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2024 unasema hali kama hiyo asipewe. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, anatapika na kulegea, huyo ni mwingine, inaweza kuwa parvo, mkimbize kwa daktari. Parvo ni kirusi, antibayotiki haikiui, daktari anaweza kuitoa kwa sababu utumbo umechubuka na bakteria wanapenya kwenye damu, lakini dripu ndio nguzo ya matibabu.

Kwa paka ndo kunaniuma zaidi. Paka kijana anakojoa kidogokidogo na damu, wengi wao ukipima mkojo hukuti bakteria, kibofu kimevimba tu na stresi inachangia, lakini anachomwa sefovesini, ile sindano ya antibayotiki inayofanya kazi wiki mbili, yani dawa ya ukoo mmoja na seftriaksoni tunayochomwa sisi hospitali! (Dume asiyetoa mkojo kabisa usimsubirishe, hiyo ni dharura.)

Sisemi mbwa na paka ndo chanzo kikuu, hapana. Ila mwaka 2019 peke yake inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na bakteria wa ngozi ya mbwa anayelala na watoto hawaulizi huyu mtu au mnyama.

Madaktari wengi wanayajua haya kuliko mimi. Wanaowabana ni sisi wateja, ukiambiwa mpe maji, mpe wali na kuku wa kuchemsha bila viungo, nipigie kesho kutwa, unanuna, sasa nimelipia nini? Basi daktari naye anaona bora achome yaishe, maana kwenye risiti hela yake inatokana na sindano.

Kwahiyo ombi langu kwa kliniki za wanyama, bei ya kumuona mnyama muitenge na bei ya dawa na muibandike mapokezi, ili mtu alipie ushauri akijua kalipia ushauri. Na sikio au kidonda kinachorudi kila mara, chukueni sampuli ipelekwe maabara kwanza kabla hamjatubadilishia dawa ya tatu, gharama tutabishana hukohuko.

Mfuga paka, Dar es Salaam