Fundi, chomoa plagi kwanza

Mhariri, salamu sana kwako na kwa wasomaji. Naomba nafasi kidogo niongee na mafundi na vijana wanaofunga mashine kwenye baiskeli, maana mwezi huu tu nimeona mbili zimenoki, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda, na zote kwa kosa lilelile.

Yangu nimeifunga kwenye baiskeli ya Phoenix, ni zile mashine ndogo za Kichina za tu-stroki, boksi linasema 80cc ila silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni inatembea 38, piga hesabu unapata 66cc hivi. Ilienda vizuri kama wiki mbili, baadae nikirudisha mkono wa mafuta mlio haushuki, unapanda wenyewe juuu, na mimi nikafurahi nikajua sasa imefunguka! Kumbe ndo inakufa, ikipata moto inaishiwa nguvu na kuzima kwenye kilima. Fundi wa kwanza akasema koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, nikanunua. Wa pili akasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, akazungusha skrubu zote. Hela imeenda na ugonjwa upo palepale.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mashine za boti huku kwetu Tanga. Alishika spana ya plagi tu, ile plagi inayotoa cheche ya kuwasha petroli, akaichomoa akaigeuzia juani, ncha nyeupe kama chaki. Akaniambia mwanangu hii inavuta hewa. Plagi ya mashine nzima huwa kahawia, ikiwa nyeusi imelowa basi mafuta yamezidi, ikiwa nyeupe hewa imezidi. Akachukua maji ya sabuni, mashine inaunguruma taratibu, akanyunyizia kidogo pale shingo ya kabureta inapokutana na silinda, mlio ukabadilika hapohapo, yaani hewa inapenya pale. Gasketi ya karatasi imeliwa upande mmoja na nati zimelegea kwa mtikisiko.

Jamani tu-stroki haina oili yake chini kama pikipiki hizi za bodaboda, oili inakuja ndani ya petroli, sasa hewa ikiingia kwa mlango wa uani pistoni inapata petroli kidogo na oili kidogo, joto linapanda, inakwaruza silinda, basi. Tulisugua ile shingo kwa msasa juu ya kioo mpaka ikalala sawa, tukakata gasketi nene, tukaweka washa za springi, na petroli nachanganya mililita 40 za oili kwa lita 1, haijasumbua tena.

Cheni ikiruka pia msikimbilie kukata pingili, zungusheni tairi la nyuma muone kama sproketi, lile gurudumu la meno la cheni, imekaa katikati au inayumba.

Mafundi nawaomba sana, kabla hujamwambia mtu anunue koili, chomoa plagi umuonyeshe rangi yake, hiyo kazi ni dakika mbili na hela ya koili kwa kijana anayeuza samaki kwa baiskeli ni chakula cha nyumbani. Na mhariri mkiweza kututengea kona ya mafundi hata mara moja kwa mwezi mtakuwa mmetusaidia, picha ya kwanza nitaleta mimi, ile plagi nyeupe ninayo bado.

Msomaji wenu,
Tanga