Familia imeelezwa nini kabla ya kupewa rufaa?

Mhariri,

Mama mmoja aliingia kwenye kikao chetu cha kwanza amekumbatia bahasha nene. Ndani mlikuwa na ripoti za shule za mwanawe tangu darasa la kwanza, kadi yake ya chanjo, na barua ya mwalimu aliyemsifu. Tulipomuuliza ni za nini, akajibu: "Nimeleta ushahidi kwamba nilimlea vizuri." Kijana mwenyewe alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Barua ya rufaa waliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja tu: "Familia ihudumiwe."

Sisi tunaotoa tiba ya familia, yaani vikao vya mazungumzo vya mgonjwa pamoja na jamaa zake, tunapokea wengi wa namna hii, waliokwisha kujihukumu kabla hata ya kuketi. Mara nyingi tatizo huanzia kwa anayeandika rufaa. Daktari, muuguzi au mshauri wa shule humwambia mzazi, "Nendeni mkaongee na watu wa tiba ya familia," naye mzazi husikia, "Wewe ndiye uliyemharibu mtoto."

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama ambaye malezi yake humtia mtoto skizofrenia, na kwa miaka mingi fikra hiyo iliwatesa kina mama bure. Utafiti haukuithibitisha. Alichokiona George Brown na wenzake huko London, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ni jambo jingine kabisa: mgonjwa anayerudi nyumbani kwenye kukosolewa sana, au kwenye kuchungwa kila dakika, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena. Kinachouamsha ugonjwa si lazima kiwe ndicho kilichouleta. Na anayekosoa, kwa niliowaona mimi, kwa kawaida ni mtu aliyekesha usiku mwingi akiogopa.

Hilo linaweza kubadilika, na ndiyo sababu ya kuwaita. Nchini Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka familia inayoishi na mtu mwenye skizofrenia, au iliyo karibu naye, ipewe angalau vikao 10 katika kipindi cha miezi 3 hadi mwaka mmoja. Dawa zinaendelea kama kawaida. Kwa vijana wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, wazazi ndio hukabidhiwa usimamizi wa milo mwanzoni mwa tiba. Nani angewapa kazi hiyo watu anaowaona kuwa ndio chanzo cha maradhi?

Kwa hiyo namwomba anayetoa rufaa atenge dakika kumi. Aeleze kwamba familia inaitwa kwa sababu ndiyo inayokaa na mgonjwa siku zote ambazo sisi hatupo. Aulize ni nani nyumbani mwenye wasiwasi zaidi, kwa maana mara nyingi si yule aliyeleta mgonjwa. Amuulize mgonjwa ni mambo gani yake yanaruhusiwa kusemwa mbele ya ndugu zake. Aseme pia kwamba huenda wakakuta timu ya wataalamu ikiwasikiliza nyuma ya kioo kinachoonesha upande mmoja tu, na kwamba wana haki ya kukataa. Nimeona baba akiinuka na kuondoka kwa sababu ya kioo hicho tu, na sikumlaumu.

Lipo jambo zito kuliko kioo. Nyumba yenye kipigo au vitisho haifai kuletwa kikao cha pamoja hivi hivi. Mtoto hatasema ukweli mbele ya anayempiga, na akithubutu kuusema, jioni watarudi pamoja nyumba moja. Usalama wake ushughulikiwe kwanza, kwa njia nyingine. Tumewahi kupokea rufaa za aina hiyo bila hata neno moja la kututahadharisha. Tukagundua katikati ya mazungumzo, mtoto anaangalia sakafu.

Na sisi tuna letu: foleni zetu ni ndefu mno, na familia iliyoandaliwa vizuri ikingoja miezi bila hata simu moja hukata tamaa. Hilo ni la kwetu kulirekebisha.

Ila fomu ya rufaa inaweza kurekebishwa hata wiki hii. Iongezwe nafasi mbili za kujaza: familia imeelezwa nini kuhusu sababu ya kuja, na ni nani nyumbani anayeogopa kusema mbele ya nani.

Mshauri wa tiba ya familia