YAH: KUKATWA AMANA KWA MADAI YA KUACHA TUNDU LA PROPELA WAZI

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Mmetukata paundi 200 za amana ya boti tuliyokodi kwenu mkisema maji yaliingia chumba cha injini kwa sababu tuliacha wazi mfuniko wa tundu la propela. Mfuniko ulifungwa. Ila ulikuwa haushiki, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tundu hilo lipo tezi (nyuma ya boti), juu ya propela, ili mtu azime injini, atoe ufunguo, aingize mkono na kukata kamba au mfuko wa plastiki uliojizungusha. Mdomo wake uko juu ya usawa wa maji, hivyo boti ikitulia haizami hata mfuniko ukitolewa. Propela ikizunguka ndipo maji hurushwa juu kwa nguvu. Kinachoyazuia ni gasketi ya mpira na chuma cha kukandamizia chenye skrubu. Gasketi yenu imelala bapa, na kona ya kushoto imekatika kiasi cha kupitisha kidole gumba. Skrubu imelika meno: unaikaza, unahisi imeshika, ukiongeza robo mzunguko inateleza na kulegea. Picha zimeambatishwa.

Mfereji wa Llangollen una mkondo, maana maji yake hutoka mto Dee. Kutoka Chirk kwenda Pontcysyllte, huko Wales, ni kupanda mkondo, tena ndani ya handaki la Chirk, la mita 420 hivi, boti karibu inajaza njia. Injini hupewa mafuta zaidi, na maji mengi zaidi hupigwa juu. Ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ikijaa, tezi hushuka, mdomo wa tundu hufikia usawa wa maji, na hapo hata kuzima injini hakuokoi.

Pampu ya ngama ilipaswa kuyatoa maji hayo yenyewe. Swichi yake ya kuelea, inayoiwasha maji yakipanda, ilikuwa imegandamana na girisi na majani. Ilipoinuliwa kwa kidole, pampu iliwaka papo hapo. Majani yenyewe yalikuwa meusi, yameoza. Yaliyoanguka siku ile yalikuwa bado ya njano.

Makabidhiano ya boti yalichukua dakika 20, nyingi zikiishia kwenye jiko la gesi na birika. Oktoba, miti inapopukutisha, hakuna aliyetaja majani! Majani yakijikusanya kwenye propela, injini ikinguruma na boti haisogei, dawa ni kuweka nyutro, kisha rivasi kwa sekunde chache. Majani hutemwa yenyewe. Mteja asiyeambiwa hilo hukimbilia kufungua tundu, na kila akifungua na kufunga, skrubu inazidi kulika. Bila shaka wateja wengi wameshaifungua kabla yetu.



Tunachodai ni paundi 200 zirudishwe ndani ya siku 14, na boti hiyo isikodishwe kabla ya kubadilishwa gasketi na skrubu na kusafishwa swichi ya pampu. Kuijaribu ni rahisi: ifungeni gatini, tandazeni gazeti kavu kuzunguka mfuniko, tieni gia dakika tano. Gazeti likilowa, rudieni kazi.

Tunasubiri majibu kwa maandishi.

Wenu,
Tuliokodi boti hiyo